Sauti ya Pili

Nyumba ya Mama Apolinaria pale Gongoni haikujua Jumapili ya mapumziko. Ukipita barabarani baada ya misa ungedhani kuna arusi, au kuna msiba ambao habari zake hazijafika vizuri. Mlango wazi, viatu vimetapakaa barazani, ndani gramafoni inalia Kiingereza, na juu ya yote hayo sauti ya mwenye nyumba inauliza nani amekula na nani bado.

Gramafoni hiyo kila jirani alikuwa na hadithi yake juu yake. Ya kweli ni kwamba Mzungu mmoja wa reli alimaliza mkataba akarudi kwao, vitu vyake vikapigwa mnada, na Mama Apolinaria aliyekwenda kutafuta sufuria akarudi na gramafoni na kasha la santuri. Sufuria hakupata. Na santuri zenyewe hazikuwa za dansi. Zilikuwa nyimbo za ile michezo ya jukwaani ya Ulaya, ambamo watu wanazungumza vizuri tu, mara mmoja anakatiza mazungumzo na kuanza kuimba, na wenzake wote, ajabu, wanaujua wimbo.

"Ajabu ya nini?" Bi Mwanahawa alisema siku ya kwanza. Huyu alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mshona nguo, mtu wa Ujiji kwa asili, na hapakuwa na neno lililopita mtaani bila kupumzika kwanza kwenye cherehani yake. "Msiba ukikolea, nani anamfundisha mwenzake? Wote wanaujua wimbo."

Santuri hizo ndizo zilizomleta Mwalimu Tobias.

Tobias alifundisha shule ya Wamoraviani, na kanisani kwao ndiye aliyepiga kinanda. Kiangazi kile yeye na vijana wenzake walikuwa wakitengeneza mchezo wa kuimba, habari za wapagazi wa zamani waliotoka Unyanyembe na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Maneno alikuwa nayo. Tuni alikuwa nayo. Alichotaka ni kuzivika sauti zake nguo kama zile za kwenye santuri, zile nyimbo zinazokufanya utake kulia kabla hujajua umeonewa nini. Karatasi ya nyimbo hizo hakuna aliyekuwa nayo Tabora nzima. Ilibidi zinyang'anywe kwa sikio.

Basi kila Jumapili alasiri alikuja na gitaa, akaketi kwenye mto juu ya jamvi upande mmoja wa gramafoni, na upande wa pili akaketi Flavia, binti wa nyumba, kwa sababu Flavia aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Wakatoliki, na mwimbaji wa sauti ya pili ana masikio ambayo mwenye sauti ya kwanza hana. Wa kwanza anajisikiliza mwenyewe. Wa pili anawasikiliza wote, maana asipofanya hivyo atapotea.

Kwa miezi hiyo walikuwa wamejitungia lugha yao. Kila mpatano wa sauti waliuita nyumba. Do, mi, so: hiyo ni nyumbani. Fa, la, do: hiyo ni kwa shangazi, unakaribishwa, unakula, lakini hulali. So, ti, re: hapo uko mlangoni, mguu mmoja ndani, unajua lazima uingie. Walipousikiliza wimbo, walianza na besi chini, wakauliza: tuko nyumba gani? Kisha wakapanda. Na gramafoni ilipoanza kuchoka, chemchemi ikiishiwa nguvu, Tobias hakukimbilia kuuzungusha mkono wa mashine. Aliiacha. Wimbo ulishuka, ukajikokota, sauti ya yule bibi wa Ulaya ikawa nzito kama ya mzee mwenye mafua, na katika uzito ule ndipo sauti za ndani zilipoanza kuonekana moja moja, kama samaki maji yanapopungua.

"Ikichoka ndipo inaposema kweli," Tobias alipenda kusema.

Jumapili hii walikuwa wamebakiwa na mahali pamoja tu. Ulikuwa wimbo wa kuagana. Karibu na mwisho, yule bibi anashika do ya juu na kuishikilia, halii wala haongezi kitu, na chini yake kitu kinatokea kinachomchoma msikilizaji, kisha wanafika nyumbani. Mwanzo wa pale walikuwa kwa shangazi, fa. Mwisho wake walikuwa nyumbani, do. Katikati walipita wapi? Tobias aliutaka mpito huo kwa ajili ya wimbo wake mwenyewe, ambapo bibi arusi wa mpagazi anamuaga mumewe:

*Ukifika Ugogo, kiu itakushika, nikumbuke.*
*Ukifika pwani, maji hayanyweki, nikumbuke.*

Kwenye "nikumbuke" ya mwisho ndipo alipotaka hicho kitu. Na wiki ya tatu sasa kilikuwa kikimponyoka.

"Tujaribu re," alisema, akapiga re, fa, la.

"Karibu," Flavia alisema. "Lakini siyo."

"So, basi. Mlangoni."

Alipiga. Ile do ya juu ikagombana na ti ya gitaa mpaka Bi Mwanahawa, kwenye cherehani yake dirishani, akakunja uso.

"Mwalimu, hiyo hata mbuzi wa jirani yetu Selemani hatakubali."

Flavia alicheka na wenzake, lakini kicheko chake hakikushuka kifuani. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu Jumapili iliyopita, alipokuwa jikoni anasonga ugali, na ukuta wa udongo ukamchujia wimbo, ukaichukua sauti ya juu ya yule bibi na kumwachia zile za katikati peke yake. Aliisikia wazi kama mtu anayeitwa jina. Mwiko ukasimama mkononi. Akataka kukimbia sebuleni, na alipofika kizingitini alimwona Tobias ameinamia gitaa, nywele zimekatwa vizuri nyuma ya shingo, na wazo likamjia: wimbo ukimalizika, huyu atakuja tena hapa kutafuta nini?

Akarudi kusonga ugali wake.

Kosa lingekuwa dogo kama angekuwa na Jumapili nyingi mbele. Hakuwa nazo. Alhamisi walikuwa wanakuja washenga wa Kasimiri kupokea jibu. Kasimiri alikuwa na duka Igalula, karibu na stesheni. Mkatoliki, hanywi, anawasalimu wazee kwa kuinama. Hakuwa na kasoro, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu, maana mtu asiye na kasoro unamkataa kwa neno gani? Baba yake Flavia alikwisha fariki. Mjomba wake, Bundala wa Ziba, alikwisha sema ndiyo kwa upande wake, ila mwisho wa maneno akauacha kwa dada yake. Na Mama Apolinaria alimwambia bintiye, bila ukali, huku anamsuka: "Mimi sina sababu ya kukataa. Kama wewe unayo, nioneshe." Flavia hakuwa na cha kuonesha. Alikuwa na mwanamume anayekuja kusikiliza santuri.

Mama Apolinaria aliingia sasa hivi kutoka jikoni na bakuli la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, mvuke unamtangulia.

"Mwalimu, umekonda. Huko kwenu wanakulisha zaburi tupu?"

"Nakonda kwa kukukosa wiki nzima, Mama," Tobias alisema, akimtazama usoni na kucheka. "Mapishi yako yamenifanya nikichukie chakula changu."

"Mwone huyu. Ulimi umepakwa asali ya Sikonge."

"Lete nionje kwanza, niseme kama leo umeikumbuka chumvi."

Mama akachota kwa upawa, akampulizia, na Tobias akaonja hapohapo kwenye upawa wake, akafumba macho kama padri anayeonja divai, na wote wawili wakacheka kama watu waliochunga mbuzi pamoja utotoni. Flavia aliinamisha macho kwenye jamvi. Kila walipocheka hivyo, matumaini yake yalikunjwa na kuwekwa kando, kama nguo ya mtu aliyesafiri.

"Cheka, Mwalimu, cheka," Bi Mwanahawa alisema, anauma uzi kwa meno. "Kuanzia Alhamisi utacheka na sisi wazee tu. Wageni wa Igalula wanakuja kumchukulia Kasimiri jibu lake."

Mama Apolinaria akamtupia jicho. "Wewe shoga, mdomo wako hauna komeo."

"Ningekuwa na komeo ningekuwa sanduku."

Mama akarudi jikoni, anaguna. Bi Mwanahawa akakanyaga cherehani yake kwa nguvu, namna ya mtu anayetaka ijulikane kwamba hasikilizi. Kidole cha Tobias kilikuwa bado kimekandamiza uzi wa gitaa, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala tu. Gramafoni ikaendelea kujikokota mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Jibu gani?" aliuliza hatimaye.

"La posa."

"Na utajibu nini?"

"Mimi sijibu. Anajibu mama."

"Flavia."

"Nakusikia."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia kwa habari gani, Mwalimu? Wewe umekuja kutafuta nyumba za sauti."

Tobias aliligeuza gitaa, akalilaza magotini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulipoumia uliongeza upole. "Nilidhani unajua. Nilidhani kila mtu humu ndani anajua. Kwani mtu anavuka mji mzima na jua lile kila Jumapili kwa ajili ya santuri?"

"Watu wanavuka kwa ajili ya mambo madogo kuliko hayo."

"Basi sijui nifanye nini zaidi. Hata huo wimbo wenyewe umenishinda."

Na hapo Flavia, ambaye alikuwa amejizuia wiki nzima, akachoka kujizuia.

"Ni la," alisema.

"La?"

"La ya fa. Inashuka nusu. Haifiki so, inasimama katikati kidogo, halafu ndiyo inaingia so. Piga kwa shangazi."

Tobias akalishika gitaa, akapiga fa, la, do. Flavia akaimba la kwa sauti ndogo, akaishusha nusu, akaishikilia pale. Tobias akaifuata kwa kidole. Chumba kikabadilika. Hata cherehani ya Bi Mwanahawa ikasimama. Kisha Flavia akaiteremsha hadi so, na gitaa likaenda naye, na wakawa nyumbani.

Tobias akapiga tena peke yake, polepole.

"Mimi nilikuwa natafuta aliyehama," alisema. "Nilikuwa natafuta kwenye besi."

"Hakuna aliyehama. Fa iko palepale chini. Yule bibi na do yake yuko palepale juu. Ni huyu wa katikati tu, amesogea kidogo, nyumba nzima imelia."

"Umeijua lini?"

"Jumapili iliyopita."

"Na umeniacha leo nipige so mpaka mbuzi wa Selemani akatajwa?"

"Nimekuacha." Alikuwa anazivuta nyuzi za jamvi. "Wimbo ukiisha, hutakuwa na sababu."

Alipoinua macho alimkuta anamtazama, na hakukuwa na kicheko katika kutazama kule. Alitazama kama mtu aliyepewa kitu kizito na anaogopa kukiweka chini.

"Nitakuwa nayo," alisema. "Sababu ninayo tangu zamani. Mama yako ananipenda, hilo nimeliona. Nitamwambia leo leo."

"Mama anakupenda kama rafiki yake, na hapo ndipo ulipoharibu." Flavia alishusha sauti. "Tobias, wewe ni Mnyamwezi gani? Mtu anayemtaka binti humwogopa mama yake. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, huyu hukimbilia huku, mama naye kule. Hali chakula mbele yake, hataniani naye. Wewe umeonja chakula kwenye upawa wake mbele ya macho yetu. Mama alikuchunguza mwanzoni, mimi nilimwona. Alipoona unacheka naye hivyo, akamwambia Bi Mwanahawa: huyu hana haja na Flavia, angekuwa nayo angeniogopa. Ndipo akawaruhusu wa Igalula waingie."

Tobias alilelewa misheni tangu hajaota meno ya pili. Wazazi walikwenda wote kwa ndui. Alifundishwa kusoma, kupiga kinanda, kukata mbao, na kumtazama mtu usoni unapomsalimu, maana asiyetazama ana lake. Lakini ukwe haufundishwi darasani. Mtoto huuona kwa baba, siku baba anapochepuka njiani ghafla na kujitia anafunga kamba ya kiatu, kwa sababu bibi mzaa mama anakuja. Yeye hakuwa na baba wa kumwona akichepuka.

"Nilitaka anipende," alisema.

"Najua."

"Nilidhani nikimchekesha..."

"Najua, Tobias."

Kutoka jikoni Mama Apolinaria akaita: "Mwalimu, njoo hapa kwenye ugali kabla haujawa jiwe. Mahali pako napajua mimi, kando yangu."

Tobias akasimama. Flavia alidhani anakwenda jikoni. Hakwenda. Aliuchukua ule mto aliokuwa ameukalia, akatoka nao barazani, akaketi nyuma ya ukuta ambapo mtu aliye ndani hakuweza kumwona ila mabega, na uso akauelekeza barabarani.

"Shikamoo, Mama," alisema kutoka huko nje, kwa sauti ya chini ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia kutoka kwake.

"Marahaba. Si umeniamkia ulipofika? Njoo ule."

Tobias hakuinuka.

Mama Apolinaria akatokeza mlango wa jikoni na mikono yenye unga. "Ana nini huyu? Anaumwa?" Akapiga hatua kuelekea barazani, na Tobias alipousikia mguu wake akasogea mbali zaidi, akainama, mikono magotini, kama mtu anayengoja gari ya moshi isiyojulikana itafika lini.

"Mwalimu, nimekukosea?"

"Bi Mwanahawa," Tobias alisema, hakugeuka. "Tafadhali mwambie Mama kwamba sina ugonjwa, wala hakunikosea. Ni kwamba siwezi kula mbele yake. Mwambie na zile siku nilizokula, nilikula kwa ujinga. Anisamehe."

Bi Mwanahawa alikuwa na kipande cha kitambaa mdomoni. Akakitoa. Kwa mara ya kwanza tangu apange chumba kile, alikuwa na neno mkononi na hakulikimbiza. Alimtazama shoga yake, akamtazama Flavia, akalisema taratibu kama anayetafsiri mahakamani, ingawa kila mmoja alikuwa amesikia:

"Anasema hawezi kula mbele yako. Anasema zamani alikuwa hajui."

Mama Apolinaria alisimama katikati ya sebule. Flavia aliuona uso wa mama yake ukipita mahali pengi: mshangao kwanza, kisha hasira ndogo ya mtu anayekumbuka upawa, kisha kitu kingine ambacho alikuwa hajakiona tangu baba yake awe hai, aibu fulani ya kike, changa kabisa. Mkono wenye unga ukapanda wenyewe ukaivuta kanga kichwani.

"Na huyu ni Mmoraviani," alisema, akimwambia Bi Mwanahawa.

"Ndivyo alivyo," Bi Mwanahawa alisema.

"Mimi si padri, siwezi kuyapima hayo. Padri na mchungaji wana midomo, watasemezana." Akapangusa unga mikononi. "Muulize huyo aliye nje, kwao mtu anajipeleka mwenyewe na gitaa? Hana wazee?"

"Bi Mwanahawa," Tobias akasema kutoka nje, "mwambie Mama baba sina. Lakini yuko Mzee Elieza wa kanisani kwetu, aliyenilea. Nitamwendea jioni hii."

"Anasema yuko mzee."

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini niacheni niimalize kazi yangu," Bi Mwanahawa alisema, akajifuta macho kwa kile kitambaa cha mteja.

Mama Apolinaria akamgeukia binti yake. Hakumwuliza kitu. Alimtazama tu, na Flavia akamtazama, na kwa mara ya kwanza alikuwa na sababu ya kuonesha: ilikuwa imeketi barazani, imeinama.

"Nakwenda kwa Selemani," mama alisema hatimaye. Selemani alikuwa gadi wa treni, jirani wa nyumba ya tatu, na kesho alikuwa anashuka na gari kuelekea Igalula. "Apeleke neno kwa Kasimiri kwamba Alhamisi wasijisumbue. Aseme kwa heshima. Mtu mwenyewe hana kosa."

Njia ya kwa Selemani ilikuwa kutoka mlango wa mbele, kupita barazani, hatua chache barabarani. Mama Apolinaria alifika karibu na mlango. Aliyaona mabega ya Tobias. Akasimama. Kisha akaifunga kanga mpaka karibu na macho, akageuka, akapita sebuleni kurudi nyuma, akapita jikoni, akatoka uani kwenye tope la maji ya kuoshea vyombo, na Flavia akamsikia anawafukuza kuku, anahangaika na kile kijilango cha miiba kisichofunguliwa na mtu, anazunguka nyumba nzima nje nje kama mwizi wa maembe, mwanamke ambaye Gongoni nzima humsikia kabla ya kumwona.

Flavia akatoka akasimama mlangoni. Tobias alikuwa bado ameinama.

"Ameondoka bila kuniaga," alisema. "Amekasirika?"

"Hapana." Flavia akaegemea mwimo wa mlango. "Amekukimbia, Tobias. Mama yangu hajawahi kumkimbia mtu."